Nilimwacha Mbuzi Nje ya Ramani, Sasa Bibi na Jirani Yake Hawasemezani

Mpendwa Mama Paskazia, shikamoo. Naomba unisaidie mawazo, na ikiwezekana unisaidie haraka, maana nina mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, halafu naomba unifichie jina kwa sababu mimi ni mwalimu na wanafunzi wangu husoma safu yako kwenye simu wakati nafundisha, wanadhani siwaoni.

Niko Tabora mjini, nina miaka thelathini na moja, nafundisha Jiografia sekondari na huku nasoma uzamili, na utafiti wangu unahusu vituo vya misafara ya zamani, yaani wale wapagazi waliokuwa wanatoka pwani kuja huku kwetu na kuendelea mpaka Ujiji, walilala wapi, walichota maji wapi, walitua mizigo wapi, na nimekwenda mwenyewe kwa miguu yangu na simu yangu mkononi, nimeanzia Tura nikaja mpaka Usoke, nimekaa na wazee, nimekunywa uji wa kila rangi, nikapata nukta arobaini na moja, na kila nukta ina mtu aliyenionyesha kwa kidole akasema hapa.

Mwanzo nilikuwa natumia programu ya ramani ya kulipia, siyo kwamba nilikuwa nailipia, niliwekewa ya kukreki na jamaa mmoja wa steshenari, ikaja na virusi vyake, ikameza sura ya tatu nzima pamoja na picha za harusi ya dada yangu, na dada mpaka leo akinikumbuka huwa ananikumbukia hilo. Ndipo mwalimu mwenzangu anayeitwa Alois, anafundisha Hisabati, ni mtu wa Usoke, aliponiambia, "Mwalimu, acha kutumia vya wizi wakati vya halali vipo bure, wewe vipi?" akaniwekea programu huria, na Mama nakwambia ukweli niliingia kule kama mtu aliyeokoka. Ni programu zilizotengenezwa na watu walioko huko duniani ambao hawakujui wala humjui hata mmoja, wakaziachia wazi, ukitaka unatumia, ukitaka unafungua ndani uone zinavyofanya kazi, ukiona kosa unawaambia au unalirekebisha mwenyewe na wengine wote wanafaidi, na siku moja nilikwama kwenye vipimo nikauliza kwenye jukwaa lao, mtu wa Brazili akanijibu kabla chai yangu haijapoa. Nilikaa nikajiuliza, mimi wa Tabora nimewapa nini watu hawa? Nikaona na mimi nirudishe fadhila, nikaipandisha ramani yangu yote mtandaoni, nukta zote arobaini na moja, na ruhusa kwa yeyote kuitazama, kuichukua na kuichapa apendavyo, nikatumia jina la kule mtandaoni siyo langu, na msimamizi wangu akanisifu mbele ya wenzangu kwamba huo ndio usomi wa siku hizi.

Sasa nukta ya kumi na tisa, Mama, ni jikoni kwa bibi yangu.

Bibi yangu mzaa mama anaitwa Bi Mwanamkuu, ana miaka themanini na mbili, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na uani kwake chini ya lile banda la jiko kuna kisima cha zamani ambacho wapagazi walikuwa wanachotea maji, habari hiyo alipewa na bibi yake. Nilimsomea fomu ya ridhaa kama chuo kinavyotaka, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Mjukuu wangu, unaniomba ruhusa kwa karatasi mimi niliyekuogesha?" akasaini. Akanihadithia kwamba kisima kilifukiwa wakati wa Mjerumani kwa sababu mbuzi wa msafara alitumbukia humo, hakuna aliyejua, watu wakaendelea kunywa mpaka maji yalipoanza kunuka, walipovuta wakamvuta mbuzi vipande vipande, basi mtaa mzima ukatapika na kisima kikajazwa kifusi siku hiyo hiyo. Nikaandika yote. Msimamizi akaniambia mbuzi aondoke, hii ni kazi ya kisomi, na kweli kile kisanduku cha maelezo kwenye programu nilikuwa nimekiwekea kikomo cha herufi chache, kwa hiyo ikabaki hivi: "Kisima cha misafara. Kilifukiwa wakati wa Mjerumani." Basi. Na vipimo vya mahali pake ambavyo havikosei zaidi ya hatua mbili.

Mama, wewe unawajua watu wetu na mali ya Mjerumani. Hakuna mtu katika nchi hii asiyekuwa na mjomba anayejua mahali Mjerumani alipofukia rupia kabla ya kukimbia. Sasa mtu wa namna hiyo akisoma kwamba Tabora, mji ambao kila nyumba inalia na maji, kuna watu walikuwa na kisima kinachotoa maji na wakakifukia, tena wakati wa Mjerumani, atafikiri nini? Mimi mwenyewe nisingekuwa namjua yule mbuzi ningekwenda na sururu.

Wakaja. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, bibi yuko msibani mtaa wa pili, wakaja watu wanne na kile chombo cha kutafutia chuma ardhini, wakamwambia mpangaji wa bibi wametumwa kuangalia bomba, wakabomoa mafiga, wakachimba jiko la bibi mpaka kiunoni, wakakuta kifusi na chungu kilichovunjika, wakaondoka zao bila hata kufukia. Bibi akaniita, shule si mbali nikaja mbio, nikaingia mle shimoni kuangalia, na mle shimoni Mama nikaiona karatasi, imekanyagwa ina udongo, nikaitambua kabla sijaiokota kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani anayepaka barabara rangi ya zambarau. Ilikuwa ramani yangu. Imechapwa, na nukta ya kumi na tisa imezungushiwa kalamu. Nikaikunja haraka nikaitia mfukoni.

Kufikia hapo jirani yake bibi, Bi Zamda, alikuwa ameshafika amesimama kwenye mlango wa uani na bakuli la mbaazi. Hawa wawili wamekaa ukuta kwa ukuta miaka arobaini, na ni watani, Bi Zamda kwao ni Wazaramo, babu yake alipanda huku na misafara akaoa akabaki, bibi yangu ni Mnyamwezi hasa, kwa hiyo wanavyotukanana asubuhi mgeni anaweza kuita polisi. Babu alipofariki, Bi Zamda alivaa koti na kofia ya marehemu akatembea uani akichechemea kama yeye na kuulizia kahawa yake, watu wakacheka huku wanalia, na bibi anasema ndiyo siku aliyopata nguvu ya kusimama. Basi siku ile ya shimo Bi Zamda akachungulia akasema, "Mnyamwezi wee! Miaka yote unakuja kwangu kuomba chumvi kumbe umelalia rupia! Ningejua ningekuja kuchimba mwenyewe zamani."

Siku nyingine yoyote bibi angemjibu kitu kisichoandikika gazetini. Lakini siku ile hapana. Mpangaji alikuwa ametoka kumwambia kwamba wale watu walisema wameelekezwa na mtu wa hapa hapa anayelijua jiko. Bibi akamtazama Bi Zamda, akasema polepole, "Kumbe ni wewe." Bi Zamda akafungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga, akaweka bakuli chini akaondoka. Nadhani alipigwa na butwaa, maskini.

Kesho yake bibi alirudisha lile bakuli. Tupu, Mama. Limeoshwa, limekaushwa, halina hata punje ya chumvi. Wewe ni mama wa nyumbani unajua maana ya bakuli kurudi kwa jirani bila kitu, miaka arobaini halijawahi kurudi tupu, na mimi ndiye niliyetumwa kulipeleka. Bi Zamda alilipokea, akaniuliza, "Umekula, mjukuu wangu?" nikasema nimekula, nikakimbia.

Ni wiki ya tatu sasa. Bibi hapiki, mimi nililifukia shimo na kumjengea mafiga mapya lakini anasema jiko lina wageni, anakula mkate. Hamtani mtu. Na amekwenda kwa shekhe, amesema Ijumaa ya mwisho wa mwezi asomewe halbadiri aliyewaleta wale watu, yeyote yule, na apatwe na linalompata. Mama, huyo yeyote yule ni mimi! Mimi nina shahada, natumia programu za kisasa, lakini tangu nisikie habari hiyo kila nikijikwaa natazama nyuma.

Nilimwambia Alois nataka kuifuta ramani kimya kimya, akanikatalia katakata, akasema, "Ukifuta leo kwa sababu ya wajinga wanne wenye sururu, kesho mkubwa fulani atakuja kukwambia ufute kwa sababu hapendi kinachoonekana, utamjibu nini? Ukishaweka wazi, weka wazi. Mtandao siyo uani kwa bibi yako." Na mimi naona ana hoja, uhuru wa mtandao ndio ulionifikisha hapa, wangeficha vyao wale wa Brazili ningekuwa bado na virusi vya steshenari. Kwa hiyo sijafuta, wala sijasema, najiambia ni suala la msimamo. Je, nifute? Je, nikisema bibi atanielewa wakati hajui hata mtandao ni nini? Au nisubiri Ijumaa ipite, huenda wazee wakapatana wenyewe kama ilivyo kawaida yao? Nisaidie Mama, silali.

Ni mimi,
Mwalimu wa Jiografia, Tabora.

Mama Paskazia anajibu

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mara mbili, ya kwanza nimecheka, ya pili sikucheka.

Tuanze na jina lako. Umeniomba nikufiche, halafu umenipa mtaa, shule, rangi ya barabara za ramani yako na kisima kilichofukiwa jikoni. Mtaa na shule nimevitoa, majina ya wazee nimeyabadilisha, lakini mbuzi nimemwacha, na kwa mbuzi huyo Tabora nzima itakujua kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwenye simu leo Jumapili. Gazeti linatoka Alhamisi. Ijumaa yako ndiyo hiyo inayofuata. Piga hesabu mwenyewe, wewe si una rafiki mwalimu wa Hisabati?

Sasa nikupe haki yako. Umeacha programu za wizi, umeingia kwenye programu huria, umetembea kutoka Tura mpaka Usoke kuandika habari ambazo zingezikwa na wenye nazo, na ulipomaliza hukuzifungia kabatini. Nimefurahi, na nasema hivyo bila utani. Mimi mwenyewe safu hii naiandika kwa programu huria, aliniwekea binti yangu Magreth baada ya kompyuta yangu kunidai leseni kila nikiiwasha. Najua utamu wake. Kuna vijana wengi mno wanaokaa na utafiti wao kama kuku anayelalia mayai mabovu, na chuo kizima hakijui walichokigundua. Wewe siyo wa hao.

Na rafiki yako Alois ana akili. Alichosema kuhusu mkubwa fulani ni kweli tupu, na siku huyo mkubwa atakapokuja kukutaka ufute kitu kwa sababu kinamwaibisha, naomba umkatalie kama Alois alivyokukatalia. Lakini mwanangu, angalia vizuri nani ni nani katika habari hii. Uhuru wa mtandao upo ili mdogo asizibwe mdomo na mkubwa. Hapa mkubwa ni nani? Bi Mwanamkuu hana simu ya kufungua ramani. Hawezi kuona ulichoandika kuhusu jiko lake, hawezi kukujibu kwenye jukwaa, hawezi kurekebisha. Wewe una kompyuta, una bando, una jina la bandia. Mkubwa ni wewe! Ulimsomea fomu ya ridhaa, akacheka akasaini kwa sababu alikuogesha. Ulimwambia kwamba mtu yeyote mwenye simu, awe Brazili au Igunga, ataweza kusimama juu ya mafiga yake bila kukosea hatua mbili? Hukumwambia. Ulimwambia "utafiti", naye akafikiri kitabu.

Na huyo mbuzi. Nimemfikiria sana huyo mbuzi. Bibi yako alikupa habari nzima, na habari nzima ilikuwa na ulinzi wake ndani. Hakuna mchimba mali atakayebomoa mafiga kwa ajili ya mifupa ya mbuzi aliyewatapisha watu. Mkamtoa ili muonekane wasomi, wewe na msimamizi wako, mkabakiza maneno machache ambayo hata mimi yangenipeleka dukani kutafuta sururu. Mwambie msimamizi wako nimesema mbuzi ni data.

Lakini nimefika kwenye kitu kilichoniudhi, na ukae vizuri. Unasema hujasema kwa sababu ni suala la msimamo. Msimamo gani? Umeniandikia mwenyewe jinsi hao watu wa programu huria wanavyoishi: mtu akiona kosa analisema. Magreth amenionyesha hizo kurasa zao. Mtu anaandika, nimeharibu hapa, tarehe fulani, jina langu hili, na marekebisho ni haya, na kila mtu duniani anasoma, na hakuna anayemcheka. Kila badiliko lina mwenyewe. Wewe umechukua kila kitu kutoka kwao ukaacha hicho kimoja, na ndicho kigumu. Ramani umeiweka wazi kwa dunia nzima, karatasi umeikunja ukaitia mfukoni. Mwenye msimamo wa uwazi haokoti ushahidi shimoni akauficha, mwanangu. Huo siyo uhuru wa mtandao. Umeogopa tu, kama ambavyo ningeogopa mimi, na ungekiri hivyo ningekuonea huruma tangu mstari wa kwanza.

Unaniuliza kama wazee watapatana wenyewe. Watapatanaje? Wangekuwa wamegombana kwa jambo lao, sawa. Hawa hawana ugomvi. Bi Zamda alifanya alichokifanya kila siku kwa miaka arobaini, alimtania mtani wake alipomwona ameumia, kama alivyofanya siku ya msiba wa babu yako. Safari hii ule utani ndio umegeuka ushahidi wa kumtia hatiani. Atajitetea vipi? Aseme alikuwa anatania? Mtani akishaanza kueleza kwamba alikuwa anatania, utani umekwisha. Umewaondolea kitu ambacho hata watoto wao hawawezi kuwapa, maana nani mwingine Tabora atamwita Bi Mwanamkuu majina yale na akapendwa kwa hilo?

Halafu kuna jambo ambalo umeniandikia bila kuliona. Ulipoiokota karatasi, Bi Zamda alikuwa amesimama mlangoni. Umesema mwenyewe. Bibi yako aliposema "Kumbe ni wewe", Bi Zamda alifungua mdomo, akakutazama wewe, akaufunga. Wewe umeandika butwaa. Mimi sikuwepo, siapi, lakini nina miaka sitini na minne na nimelea watoto wa watu, na mwanamke aliyetuhumiwa usaliti na rafiki yake hatazami kando kwa butwaa. Anamtazama mwenye kosa. Nadhani alikuona. Nadhani anajua tangu siku ya kwanza kwamba ni wewe, na amechagua kurudishiwa bakuli tupu kuliko kumwambia rafiki yake kwamba ni mjukuu wake mwenyewe. Sasa rudia kusoma alivyokuuliza kama umekula, uone kama bado ni swali la chakula. Mama yule alikuwa anakufungulia mlango, na wewe ukakimbia.

Basi sikiliza la kufanya, na ulifanye kwa mpangilio huu.

Kesho Jumatatu ukitoka shule nenda kwanza kwa Bi Zamda. Yeye ndiye aliyechafuliwa, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuombwa radhi, na usiende mikono mitupu. Peleka ile karatasi. Usimweleze programu wala leseni wala Brazili, mwambie maneno ya kawaida: wale watu niliwaleta mimi kwa nilichoandika, nikaiona karatasi, nikaificha, wewe ukabeba lawama. Akisema alijua, usijifanye kushangaa. Kisha mwombe afuatane nawe upande wa pili wa ukuta, na akikataa, usimlazimishe, amechoka, nenda na mjumbe au mtu mzima wa familia anayeheshimika.

Kwa bibi yako kaa chini kabisa, siyo kwenye kiti. Usianze na "unajua bibi, mtandao ni". Unadhani hatakuelewa? Huyu ni mwanamke ambaye habari za mtaa wake zimepita mdomo kwa mdomo tangu enzi za misafara, anajua vizuri kuliko wewe jinsi neno likitoka uani linavyofika mbali na linavyofika limekatwa mguu. Mwambie ulimtoa mbuzi. Atakuelewa hapo hapo. Atakasirika, atalia, pengine atakupiga na chochote kilicho karibu, na una miaka thelathini na moja, utavumilia. Kuhusu halbadiri, mimi ni Mkatoliki, mambo hayo nawaachia wenyewe, lakini najua bibi hawezi kuisomesha kwa mtu aliyekwisha kuja mwenyewe kukiri. Na kama wewe unaiogopa, vizuri, angalau kuna kitu kilichokunyanyua kuandika barua.

Ukimaliza na wazee, sasa rudi kwenye kompyuta. Usifute ramani. Alois yuko sahihi kwamba kufuta kimya kimya ni uoga, tena hakusaidii, wale waliokwisha kuichukua wanayo. Irekebishe hadharani. Nukta ya kumi na tisa itoke jikoni, ionyeshe kata tu, na hata hiyo kata uulize kwanza. Mbuzi arudi, mzima mzima, na kama kisanduku kina herufi chache kipanue, si ulisema programu huria unaweza kuifungua ndani? Chini yake uandike kwamba uliweka mahali pa mtu bila kumweleza vya kutosha, watu wakaja kuchimba, na umerekebisha, halafu uweke jina lako la kwenye kitambulisho.

Bado kuna nukta arobaini. Kila moja ina mtu aliyekuonyesha kwa kidole, hayo ni maneno yako. Wapigie simu wote, wa Tura, wa Usoke, mmoja mmoja, uwaulize kama kuna mgeni amefika na kama wanataka sehemu zao zibaki zinaonekana hivyo. Atakayesema itoke, itoke. Atakayesema ibaki, na wengi watasema ibaki kwa sababu wanapenda babu zao wajulikane, hapo ndipo utakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu wa Brazili bila aibu. Na mwenyekiti wa mtaa apewe nakala ya karatasi ile, kwa sababu kuna watu wanne wanazunguka wakijifanya mafundi bomba, na jiko linalofuata huenda likawa na mtoto ndani.

Najua unasoma haya ukiwa umejikunja kitandani na simu, unajiambia utaanza Jumatano, maana Jumatatu kuna kikao cha walimu na Jumanne una vipindi vingi. Bibi yako ana miaka themanini na mbili, na Bi Zamda hayuko nyuma sana. Wiki ya tatu hii wanaamka, kila mmoja anausikia mlango wa mwenzake unafunguliwa, na hakuna anayetoa salamu. Kati yenu watatu, ni wewe peke yako unayefikiri muda upo.